Debe la Mama Kwenye Foleni

Mwimbi, Kalambo
Ijumaa, 9 Agosti 2024

Kwa kaka yangu mpendwa Maximilian,
Kasanga.

Shikamoo kaka. Pokea salamu zangu, wewe pamoja na wifi Evodia na watoto wote, hasa yule mdogo aliyekuwa analia msibani kila kengele ya kanisa ilipogongwa. Kifua chake kimepona? Na mgongo wako unaendeleaje? Uliondoka hapa ukitembea umeinama upande mmoja, na najua huko Kasanga hakuna atakayekubembeleza upumzike wakati migebuka inapakiwa. Sisi huku tupo. Baridi ya mwaka huu haijaniua, upepo umeezua mabati mawili ya choo, na kuku wa mama wanaendelea kutaga vizuri.

Najua utashangaa kupata barua. Tangu tumalize shule hatujaandikiana, na nakumbuka jinsi mwandiko wangu ulivyokuwa unakuchekesha. Simu yangu leo ni siku ya tatu haijaona chaji. Lakini hata ingekuwa imejaa nisingekupigia, maana wewe ukikasirika hukati simu tu, unaizima kabisa mpaka wiki ipite. Karatasi huwezi kuizima. Nampa Shedrack, dereva wa lori la samaki, anayeondoka hapa mchana, na nimemwambia aikabidhi mkononi mwako. Nakuomba uisome yote kabla hujamtuma mtu popote.

Baba mdogo Romani ameniambia kwamba unakuja Jumapili baada ya misa, na kwamba hutakuja peke yako. Amesema utakuja na wale wanaojiita lambalamba, wanaopita vijijini kufukua uchawi wa watu, na nyuma yao huwa zinabaki nyumba zilizochomwa. Wewe ndiye mtoto wa kiume, kwa hiyo wanakusubiri uwaonyeshe nyumba ya kuanzia. Nyumba yenyewe ni ya mama Mboje, jirani ya mama. Kaka, nakuandikia ili usije na watu hao. Nitakueleza kwa nini, lakini lazima nianzie mbali kidogo, kwa sababu mambo haya yote yalianza na umeme.

Wewe uliondoka tarehe ishirini na tisa, ukaona hali kidogo tu. Huu si mgao tena. Mgao una zamu, unajua leo ni sisi na kesho ni wenzetu. Huu wa sasa unakuja unapotaka, saa mbili au tatu, kisha unakwenda zake. Wengine wanasema umeme wetu unatoka ng'ambo ya mpaka na huko bwawa limekauka, wengine wana maelezo yao. Dizeli nayo haipatikani. Nilipokwenda kuulizia nikakuta pampu zimezungushiwa kamba, nikaambiwa dola zimeisha nchini. Sijawahi kuiona dola kwa macho yangu, kaka, lakini ndiyo iliyoizima injini ya mashine ya kusaga aliyoniachia baba.

Na mahindi yamejaa. Mwaka huu hata wavivu wamevuna. Wanunuzi hawaji kwa sababu malori hayana mafuta, kwa hiyo bei ya gunia hapa imeanguka, na wakati huohuo Sumbawanga mjini unga umepanda mpaka watu wananunua kwa kikombe. Huku mtu amekalia magunia kumi ya mahindi na anatafuta unga wa uji wa mtoto. Usiniulize vinu viko wapi. Mashine zilipokuja vinu vikawa viti, na mkaa ulipopanda bei mwaka huu vile vya mwisho vikaingia jikoni vikawa kuni. Siku hizi tunapikia magunzi na samadi iliyokauka. Moshi wake unauma macho. Hilo la macho naomba ulishike, nitalirudia.

Ndiyo maana foleni ya mashine yetu imekuwa ndefu kuliko ya kuungama wakati wa Pasaka. Sheria ya baba unaijua, ila nairudia kwa sababu kila kitu kimekaa juu yake. Mtu analeta debe lake lenye mahindi, analipanga nyuma ya la mwisho, analifunga alama yake, halafu anakwenda shambani. Debe linasimama badala yake. Hakuna anayeruhusiwa kuligusa isipokuwa mwenyewe, na mimi msagaji zamu yake ikifika. Umeme ukirudi, saa yoyote ile, nawasha, na watu wakisikia mlio ndipo wanakuja kuchukua unga. Baba alikuwa anasema kwamba anayelivuka debe la mwenzake amemvuka mwenzake akiwa amelala. Kwa miaka thelathini sijasikia mtu amethubutu.

Sasa nakueleza jambo lenyewe kama watu walivyoliona. Nikimaliza nitakueleza ninachokijua mimi.

Jumatatu wiki hii, tarehe tano, ukungu ulishuka mzito mpaka huoni mkono wako, na haukuondoka mpaka saa nne. Umeme ulirudi ukungu ukiwa bado upo. Nikawasha. Aliyefika wa kwanza ni Rosina, mke wa katekista, akiwa na kiroba chake. Alisimama mlangoni, akatazama foleni, hakuingia. Akaja Sebastiani na mwanawe, nao wakasimama. Baada ya dakika chache walikuwa watu kama ishirini nje, na hakuna aliyenisalimia. Mbele kabisa, nafasi ya kwanza, palikuwa na debe la mama.

Unalijua. Lile la mafuta ya kula la zamani, lenye mkono wa waya, lililobonyea upande kwa teke la punda. Lilikuwa limejaa mahindi mpaka juu, na kwenye waya kilifungwa kile kipande cha kitenge chake cha jumuiya. Si lingine linalofanana nalo, ni lenyewe. Wote walikuwa makaburini siku kumi nyuma tulipomzika mama, walirusha udongo kwa mikono yao.

Rosina alifanya ishara ya msalaba, akaingia kwa kupita ukutani ukutani, akachukua debe lake lisilosagwa akaondoka. Wengine wakafanya hivyo hivyo, mmoja mmoja, bila kusukumana. Umewahi kuona watu wakiondoa mahindi mashineni umeme ukiwa umewaka? Mimi sijawahi. Nilibaki na mota inazunguka bure na debe la mama mbele yangu, nyuma yake machache tu ya wasiofika. Nikalisaga.

Jioni yule kijana wa Sebastiani alipita kwa mama akaona mlango umefunguliwa kidogo. Akachungulia. Akakuta bakuli la unga mpya limewekwa juu ya mafiga, na hakukuwa na mtu ndani. Alipotoka akakutana na mama Mboje anaingia uani, ameshika pumba za kuku. Maneno yakaanzia hapo. Mpaka Jumanne mchana kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba mama hakufa, kwamba tulizika gogo la mgomba, na kwamba mama Mboje amemfanya msukule, anamtuma kusaga alfajiri kabla watu hawajaamka. Jumanne hiyohiyo debe lilikuwa tena mbele ya foleni. Siku hiyo hata wale jasiri hawakuja. Watoto walisimama mbali barabarani wakinitazama mimi, si debe.

Ushahidi wao unaujua, kwa sababu wewe mwenyewe uliutaja msibani mbele ya wazee. Kwanza, mama Mboje ndiye aliyemwona mama wa mwisho, na alimpa kaa la moto asubuhi ile. Pili, mama alikutwa kando ya njia ya mlimani amekaa, mgongo umeegemea jiwe, debe liko pembeni limejaa na hata punje moja haijamwagika, na wanasema mtu anayekufa kifo chake huanguka. Tatu, mama Mboje ni mtu wa kuja, alifika hapa na mume wake na ng'ombe kutoka Usukumani, mume akafa, ng'ombe wakaisha, yeye akabaki. Nne, macho yake ni mekundu.

Kaka, nenda jikoni ukaangalie macho ya mkeo. Kisha njoo uangalie yangu. Mwanamke yeyote huku aliyepikia magunzi na samadi tangu mwezi wa tano ana macho mekundu. Kama hiyo ndiyo alama, basi waje na mafuta ya kutosha watuchome wote, ingawa sijui watayapata wapi.

Jumanne jioni walimpigia mama Mboje mawe juu ya bati. Jumatano alfajiri akaondoka kwa miguu kwenda Matai kwa binti yake Anjela. Watu wakasema amekimbia kwa sababu anajijua.

Mpaka hapo ndivyo watu walivyoona, na ndivyo Romani alivyokueleza. Sasa nakueleza yangu, na nakuomba ukae chini kama umesimama.

Debe la Jumatatu nililiweka mimi. Nilikwenda kwa mama Jumapili jioni, nikachota mahindi kutoka kihenge chake, nikafunga kile kitenge, na kulipopambazuka nikaliweka nafasi ya kwanza. Nilisogeza madebe ya watu wote nyuma kwa mkono wangu ili nimpe nafasi. Baada ya kusaga, bakuli la unga nililipeleka mimi nikaliweka juu ya mafiga. La Jumanne pia ni mimi. Sikufikiri kwamba watu wataogopa. Nisikudanganye, sikufikiri kuhusu watu kabisa. Nilitaka tu mama asagiwe wa kwanza, hata mara moja. Na walipoanza kumtaja mama Mboje nilikaa kimya. Rosina aliniuliza uso kwa uso kama najua debe limefikaje, nikamwambia nilifungua mlango nikalikuta. Nilitazama pembeni nikasema hivyo. Na mawe yalipoanza kulia kwenye bati la mama Mboje niliyasikia nikiwa jikoni kwangu, nikaendelea kuosha vyombo.

Sasa utaniuliza kwa nini nilitaka kumrudishia mama nafasi. Hapa ndipo pagumu.

Mama alileta debe lake Jumapili ile ya tarehe ishirini na moja, baada ya misa. Lilikuwa la kwanza kwenye foleni. Nilimwambia aniachie nimpelekee unga nyumbani, akakataa. Nikamwambia achukue bakuli kutoka kwangu, akaniuliza tangu lini mtu mwenye kihenge kilichojaa anaomba unga wakati wa mavuno. Unamjua. Akasema atasubiri zamu kama wengine. Jumatatu umeme haukuja. Siku hizo alikuwa anakula mahindi ya kuchemsha, na meno unajua alikuwa amebakiwa na mangapi. Hakuniambia. Nilikuja kuiona sufuria baada ya kifo chake, mahindi yametafunwa yakarudishwa.

Jumanne umeme ulirudi saa nne. Kabla sijafunga mkanda, Alois, yule mfanyabiashara wa mjini, akasimamisha pikapu mlangoni na magunia kumi na mawili. Alitaka kuwahi kupeleka unga Sumbawanga wakati bei iko juu. Akaniambia nikimsagia kwanza ataniletea dizeli lita ishirini, anajua pa kuipata. Kaka, nilikuwa sijawasha injini ya baba miezi miwili. Nilikuwa naona mashine inakufa mikononi mwangu mimi, mtoto wa kike, na nilikuwa nasikia mlivyokuwa mnasema msibani kwa baba kwamba mwanamke hawezi mashine. Nikakubali. Na ili magunia yapite nilihitaji kusogeza debe. Sikuthubutu kusogeza la Rosina wala la Sebastiani, wangenisema kijiji kizima. Nikachukua la mama nikalipeleka nyuma kabisa, ukutani, nyuma ya madebe thelathini na moja. Nilijiambia mama ni wangu, mama ataelewa, mtu wa nyumbani ndiye anayesubiri. Halafu nikasaga magunia ya Alois, na yalipoisha nikaanza na la Rosina.

Mama alikuja wakati mashine inanguruma. Nilimwona kupitia vumbi la unga. Alisimama pale mbele ambapo debe lake lilikuwepo, akatazama chini, kisha akaifuata foleni kwa macho mpaka akaliona ukutani. Akanitazama. Hakukunja uso. Akaenda akalinyanyua akajitwisha, mwenyewe, na umri ule, akatoka. Ilikuwa inatosha mimi kuzima swichi na kumwita. Mlio ungeisha, angenisikia, angerudi. Sikuzima, kwa sababu nilijua umeme ukikatika hapo katikati sitaupata tena siku ile, na niliogopa kupoteza hata dakika moja. Nikajiambia jioni nitampelekea bakuli. Jioni nilichoka nikalala na nguo. Asubuhi yake, Jumatano, akachukua debe kwenda kutafuta ile mashine ya ng'ambo ya mlima ambayo bado ina mafuta, katika upepo ule, na njaa ya siku tatu tumboni. Alikaa chini kupumzika. Alikuwa mtu wa utaratibu, alilitua debe vizuri kwanza, ndiyo maana hakuna punje iliyomwagika.

Alois aliniletea dizeli Alhamisi, kama alivyoahidi. Ndiyo niliyowashia injini kusaga mahindi ya msiba. Ugali mlioula siku ile, wewe na watoto na wazee waliosema mama ameliwa na jirani, ulisagwa kwa dizeli ile. Mimi sikuula. Ulidhani ni kwa uchungu, ukanilazimisha, ukanishikia tonge mdomoni. Nililimeza kwa sababu yako.

Sasa kuna jambo moja ambalo silijui, na kwa kuwa nimeamua kusema kweli nalisema nalo. Jumatano, nilipoona mama Mboje amefukuzwa, niliogopa nilichokifanya. Nilichukua debe la mama, halina kitu ndani, nikalifungia kwenye stoo ya nyumba yangu, ile ya milango miwili. Funguo zote mbili ziko shingoni mwangu pamoja na rozari, hazijatoka. Jana Alhamisi nilifungua mashine ukungu ukiwa mlangoni. Debe lilikuwa mbele ya foleni, nafasi ya kwanza. Limejaa. Kitenge kimefungwa, lakini si fundo langu. Mimi nafunga mara mbili. Mama alikuwa anafunga mara moja na kupitisha ncha chini, kama anavyofunga kilemba. Nilitia mkono ndani ya mahindi. Yalikuwa baridi na yamelowa umande, kama yaliyobebwa kutoka mbali kichwani. Nikarudi nyumbani kukagua stoo. Kufuli mbili zimefungwa, ndani hakuna debe. Mama Mboje alikuwa Matai, amelala chumba kimoja na binti yake na wajukuu wanne. Sisemi ni nini. Umeme haukuja jana, kwa hiyo sikulisaga, na sijaligusa mpaka sasa. Madebe yaliyobaki yako nyuma yake vilevile, na hakuna mtu aliyekuja kuyachukua, kwa hiyo hiki ni kijiji chenye njaa, kaka, na mahindi yamejaa vihenge.

Leo asubuhi mama Mboje amerudi. Amekuja moja kwa moja kwangu, miguu imejaa vumbi, hata kwake hajafika. Nilimkaribisha uji wa mtama nikashindwa kuvumilia, nikamwambia kila kitu kama nilivyokueleza wewe. Nilitegemea atanitemea mate. Alikunywa uji wake mpaka ukaisha, akaniambia kwamba anajua. Alijua tangu asubuhi ile. Mama alipopita kuomba kaa la moto walikaa kidogo jikoni, akamweleza kwamba mimi, Silvana, nimemrudisha nyuma ya foleni kwa ajili ya magunia ya mtu wa mjini. Halafu akamshika mkono, akamwomba asimwambie mtu, na zaidi ya wote asimwambie Maximilian, kwa sababu atagombana na mdogo wake, na yeye mama amebakiwa na hao wawili tu.

Ndiyo hivyo kaka. Ulipomnyooshea kidole msibani mbele ya watu wote, alikuwa na neno moja tu la kusema ili aokoke, akalimeza. Mawe yalipiga bati lake bado analimeza. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia kwa kile Kiswahili chake cha Kisukuma kwamba aliahidi, na aliyemwahidi hayupo ili aombwe ruhusa. Sasa amelala kwenye kitanda changu. Ukimleta mtu kumtafuta, utamkuta nyumbani kwangu, na itabidi aanze na mimi.

Sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Ukitaka kuja Jumapili kunipiga, njoo. Ukitaka tusiongee tena mpaka tuzeeke, nitakubali, ingawa mama hakutaka hivyo. Ninachokuomba ni kimoja. Waambie hao watu wako wabaki huko, na wewe uje peke yako, usimame karibu na mama Mboje kanisani ili kijiji kikuone. Neno langu peke yangu halitatosha, watasema nami nimelogwa. Neno la mtoto wa kiume litatosha.

Nilikuwa nimekusudia kusema mbele ya watu Jumapili, ukiwepo, ili nipate wa kumwegemea. Lakini nikiwa kwenye mstari ule wa juu, taa ya hapa sebuleni imewaka. Ni saa saba kasoro robo, mchana mweupe, hakuna ukungu. Shedrack ameshapiga honi mara mbili. Nakwenda kuwasha mashine, na debe la kwanza ni lile lililopo. Wakisikia mlio watakuja tu, hata wakisimama mbali, maana watoto wana njaa. Wakishafika wengi nitaizima. Umeme ukiwepo, mota ikiwa inazunguka vizuri, nitashusha swichi ili wanisikie, na nitasema niliyokuandikia, kuanzia magunia ya Alois.

Nisalimie sana wifi Evodia, mwambie sufuria yake aliyoisahau msibani ipo salama. Wabusu watoto. Baba mdogo Romani hajui ninachokiandika, atajua pamoja na wengine. Mama Mboje ameamka na amenituma nikusalimie, naye anasema pole kwa msiba.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Silvana